Kabla ya kumshuku nyanya, pima kolesteroli yako

Kuna sentensi ambayo ukihudhuria matanga ya kutosha Kisii na Nyamira, utaisikia tu. Historia ya marehemu inasomwa, watu wametulia chini ya hema, halafu inakuja: alikuwa mzima asubuhi, akaenda kuchuma majani chai, akashika kifua, akaanguka. Unaangalia tarehe ya kuzaliwa kwenye ile karatasi, unapiga hesabu. Miaka 38. Ukimuuliza jirani wa kiti anakuambia babake naye alienda hivyo hivyo kabla ya kufika 50. Na baba mdogo pia.

Hapo ndipo minong'ono huanza. Sauti zinashuka, macho yanageukia nyumba ya nyanya fulani anayeishi peke yake pale chini kwa mto.

Kama uko chini ya hema hiyo na una damu moja na marehemu, makala haya ni yako. Yeye ameenda. Wewe, dada zako na binamu zako bado mko. Na kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kupimwa kolesteroli. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya Wakenya 9 kati ya 10 walioulizwa hawakuwa wamewahi kufanyiwa kipimo hicho hata mara moja.

Minong'ono inaua

Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa eneo la Kisii wakidaiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai ya aina hiyo hiyo. Sisemi visa hivyo vilianza na ugonjwa wa moyo. Nasema kwamba tukikosa jibu la mbona mtu ameanguka ghafla, nafasi ya jibu haikai tupu. Mtu anaijaza na jina la mama mzee.

Na wakati familia inajadili jina hilo, ndugu ya marehemu, ambaye huenda ana tatizo lile lile mwilini, anapanda gari Jumapili jioni kurudi Nairobi kutafuta riziki. Hajapimwa kitu. Hajui kitu. Tukutane matanga yajayo.

Kinachoendelea kwa mishipa

Tuelewane kwanza: si kila moyo unaoharibika mapema umeharibiwa na kolesteroli. Kwa vijana wengi Kenya, ukisikia "ana shida ya moyo" huwa ni vali zilizoharibiwa na maambukizi ya koo ya utotoni ambayo hayakutibiwa vizuri. Wengine ni presha. Wengine ni misuli ya moyo yenyewe imelegea. Hayo yana matibabu yake. Mimi naongea kuhusu ule wa mishipa inayolisha moyo kuziba. Madaktari wanasema umekuja mapema ukimpata mwanamume kabla ya miaka 55 au mwanamke kabla ya 65.

Kolesteroli ni mafuta yanayofanana na nta. Mwili unayahitaji, na sehemu kubwa inatengenezwa na ini lako mwenyewe. Yanasafirishwa ndani ya damu kwa vifurushi vidogo. Kifurushi cha kuogopa kinaitwa LDL. LDL ikizidi kwa muda mrefu, inajipenyeza kwenye kuta za mishipa na kukaa huko. Miaka 10, 20, husikii chochote. Unacheza mpira, unabeba gunia, unapanda vilima vya Manga bila kuhema. Halafu siku moja ule uvimbe ndani ya mshipa unapasuka, damu inaganda juu yake, njia inaziba, na sehemu ya moyo inaanza kufa.

Ndiyo maana "lakini alikuwa mzima" si ushahidi wa uchawi. Hivyo ndivyo ugonjwa huu unavyokuja.

"Lakini mimi ni mwembamba"

Hii nasikia sana. Watu wanadhani kolesteroli ni ya wanene wenye magari makubwa. Sasa hebu skiza.

Kuna watu wanaozaliwa na jeni ambayo inafanya ini lishindwe kuondoa LDL kwenye damu. Tangu siku ya kwanza duniani, LDL yao iko juu, hata wakila mboga peke yake. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio waliofumbua jinsi hali hiyo inavyofanya kazi, na wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1985. Duniani, inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 250 hadi 300 ana hali hii.

Tupige hesabu ya nyumbani. Sensa ya 2019 ilipata watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kama uwiano wa dunia ndio ulio kwetu pia, hao ni zaidi ya watu 6,000 katika kaunti hizi mbili. Wengi wao hawana habari.

Sasa sehemu inayouma. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye hali hii hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kufikia miaka 50. Kwa wanawake ni karibu asilimia 30 kufikia miaka 60. Umeona sasa vile boma moja linaweza kuzika baba, mwana na baba mdogo, wote ghafla, wote mapema? Kitu kinafuata ukoo, kweli. Lakini hakitumwi na mtu. Kinarithiwa, kama vile umerithi pua ya sokoro wako.

Kuna dalili chache za nje. Uvimbe mgumu kwenye ule mshipi wa nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole. Duara jeupe kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho kabla ya miaka 45. Lakini wengi hawana hata moja, kwa hivyo usijiangalie kwa kioo ukajipitisha. Damu ndiyo inasema ukweli.

Kipimo chenyewe

Kinaitwa lipidi profaili. Unatolewa damu kidogo mkononi, basi. Maabara nyingine hukuambia uje bila kula, kwa hivyo uliza mapema. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba, wale 100,000 waliopewa vifaa mwaka wa 2023, wanaweza kukupima presha na sukari hapo kwenu. Hivyo pia ni muhimu, fanya. Lakini kwa kolesteroli utahitaji maabara. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na ile ya rufaa ya kaunti pale Nyamira ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukipewa karatasi, usiangalie tu kama imeandikwa "kawaida". Tafuta mstari wa LDL. Mtu mzima mwenye LDL ya 4.9 au zaidi anafaa kuuliza daktari moja kwa moja kuhusu ile hali ya kurithi. Na kama majibu yako ni hayo, basi wazazi, ndugu na watoto wako nao wapimwe. Watoto pia, ndiyo. Mtoto aliyerithi anaweza kuanzishiwa dawa na daktari akiwa na miaka kati ya 8 na 10.

Kama tayari umeshikwa

Sasa naongea na wewe ambaye tayari umeambiwa. Una miaka 33, 41, ulilazwa, ukaambiwa ni mishipa ya moyo, ukapewa karatasi ya dawa. Labda ulipelekwa hadi Nairobi au Eldoret, ukawekewa waya ya kufungua mshipa. Umerudi nyumbani, uko sawa, unashangaa mbona bado wanakuambia umeze vidonge.

Kwanza, jua namba yako. Ile "kawaida" iliyoandikwa kando ya karatasi ya maabara si yako tena. Hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuumwa na moyo. Kwako wewe, madaktari wengi wanataka LDL iwe chini ya 1.8, na mwongozo wa Ulaya wa 2019 unashuka zaidi hadi chini ya 1.4. Kwa hivyo ukiwa na 2.9 na mtu wa maabara akakuambia "uko poa", hauko poa. Rudi kwa daktari na hiyo karatasi.

Pili, kidonge. Dawa kuu zinaitwa statini, na hadithi yake naipenda. Akira Endo, kijana wa familia ya wakulima kutoka kaskazini mwa Japani aliyependa sana mambo ya uyoga na kuvu, alipima maelfu ya aina za kuvu akitafuta moja inayoweza kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Mwaka wa 1973 aliipata, kwenye ukungu uliotokana na mchele. Huko ndiko statini zilikoanzia. Mwaka wa 1994, utafiti wa Skandinavia wa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kuwa waliomeza simvastatini walikufa kwa kiwango cha asilimia 30 chini ya wenzao waliomeza vidonge bandia. Shirika la Afya Duniani liliiweka simvastatini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka wa 2007.

Leo mgonjwa wa moyo mwenye umri mdogo kwa kawaida huandikiwa atorvastatini ya miligramu 40 hadi 80, au rosuvastatini ya 20 hadi 40. Kiwango hicho kinaweza kushusha LDL kwa nusu au zaidi. Ikikataa kufika chini, daktari anaweza kuongeza kidonge kingine, ezetimibe, ambacho hupunguza kama asilimia 20 nyingine. Unapimwa tena baada ya wiki 4 hadi 12 kuona kama imeshuka. Kama hujawahi kurudi kupimwa tangu upewe dawa, hakuna anayejua kama inafanya kazi, hata daktari mwenyewe.

Mtego wa "nimepona"

Vijana wengi huponyokea hapa. Unameza mwezi mmoja, miwili. Unapimwa, LDL imeshuka. Unasema asante Mungu, nimepona, unaacha. Msee, ilishuka kwa sababu ulikuwa unameza. Ukiacha, inarudi pale pale ndani ya wiki chache, na mshipa hautakupigia simu kukujulisha.

Wengine wanaacha kwa sababu ya maumivu ya misuli. Maumivu yapo kweli, na usinyamaze nayo. Ukiona ni makali, au mkojo umekuwa wa rangi nyeusi nyeusi, kimbia hospitali. Lakini jua hili pia. Mwaka wa 2020, watafiti wa Imperial College London walichukua watu 60 ambao walikuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mmoja waliwapa chupa za miezi tofauti: zingine za statini, zingine za vidonge bandia, zingine tupu. Asilimia 90 ya usumbufu waliousikia kwenye statini ulikuja pia kwenye vidonge bandia. Nusu yao walirudi kwa dawa. Kwa hivyo usiache kimya kimya. Mwambie daktari, anaweza kupunguza kiwango au kubadilisha aina.

Na kuna wanaoacha kwa sababu ya pesa. Hii siwezi kuipaka rangi. Unanunua vidonge vitano vitano pale kwa kemia, wiki ya ada ya shule unaruka. Wengine wanakata kidonge mara mbili ili kisukume mwezi. Ukifika hapo, sema wazi kliniki: "Hii siwezi kumudu, kuna ya bei gani nyingine?" Makampuni mengi sasa yanatengeneza atorvastatini, na bei inatofautiana sana kutoka duka hadi duka. Usione haya kuzunguka maduka matatu pale Kisii mjini kabla ya kutoa pesa.

Kama hujajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, piga *147# uanze leo. Kwa mpango huo, huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya hazifai kulipishwa mtu aliyesajiliwa. Kwa vipimo na dawa za hospitali kubwa, uliza dirishani kinacholipiwa na kisicholipiwa kabla hujatibiwa.

Na dada yangu, hili ni lako. Statini kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha. Kama unapanga mtoto, ongea na daktari kabla. Ukishtukia tayari una mimba, piga simu kliniki siku hiyo hiyo. Hujaua mtu, usijitese na hofu, lakini usikae nayo.

Chakula: tuko na bahati, tunaitupa

Pale steji utampata yule jamaa wa kipaza sauti akiuza chupa ya kitunguu saumu, tangawizi na limau "inayoyeyusha mafuta yote". Kunywa kama unapenda ladha. Lakini kama una LDL ya kurithi au moyo umeshaumwa, chupa hiyo haitafanya kazi ya statini. Hata chakula kizuri peke yake hakitatosha. Chakula kinasaidia dawa.

Habari njema ni kwamba chakula kizuri cha moyo ndicho hicho cha magokoro. Ugali wa wimbi. Chinsaga na managu. Maharagwe. Omena kutoka kwa majirani wetu wa ziwa. Avokado, ambazo kwetu huanguka hadi zinaoza chini ya mti ilhali watu wa Ulaya wanazinunua moja moja.

Kinachotuharibia ni mafuta yale ya kuganda kwenye chapati na mandazi kila asubuhi, chipsi za mafuta yaliyochemshwa tangu Jumatatu, na nyama ya mafuta kila wikendi. Badilisha mafuta ya kuganda uweke ya maji, na uyatumie kidogo. Chemsha au kaanga kidogo badala ya kuzamisha.

Halafu sigara. Mtu mwenye mishipa iliyoanza kuziba akivuta fegi anaharakisha msiba. Hapo hakuna "moja tu ya baada ya chai". Acha.

Siku ya kifua kubana

Ukisikia kifua kizito kama umekaliwa na mtu, maumivu yakienda kwa taya, shingo au mkono, jasho baridi, pumzi fupi, na haipoi ndani ya dakika chache, usiseme ni alsa. Wengi wamekunywa dawa ya alsa wakalala na hawakuamka. Tafuta gari uende hospitali kubwa iliyo karibu ambayo ina mashine ya kupima umeme wa moyo. Usijiendeshe, na usipande bodaboda ukiwa peke yako. Ukifika usikae foleni kwa adabu. Sema kwa sauti: "Kifua kinauma, na kwetu watu wanakufa na moyo wakiwa wadogo."

Simu ya jioni

Ili useme sentensi hiyo lazima uwe unaijua historia ya kwenu. Kwa hivyo jioni hii piga simu nyumbani uulize mambo matatu. Nani kwa ukoo wetu alikufa ghafla? Alikuwa na miaka mingapi? Alikuwa mtoto wa nani? Andika majina chini, upande wa baba na upande wa mama, uende na karatasi hiyo kliniki ukienda kupimwa. Daktari atafanya mengi nayo.

Wazazi huenda wasikumbuke yote. Lakini kuna mtu mmoja anayekumbuka kila mazishi ya boma hilo tangu zamani, nani alianguka shambani, nani alianguka sokoni, mwaka wa njaa gani. Ni yule nyanya anayeishi peke yake pale chini kwa mto. Nenda umsalimie, umpelekee sukari na majani, ukae kitako. Muulize.